Njia ya Mkwe

Kiti namba nne kilipiga mlio saa sita kamili mchana, nami nilikuwa namenya chungwa.

Ulikuwa mlio mmoja tu, mfupi. Nilidhani ni kengele ya chakula. Nilipogeuka nilimwona Subilaga amelala vilevile alivyolala tangu asubuhi, kofia ya waya kichwani, khanga imemfunika hadi kifuani, anapumua. Lakini taa ya kijani juu ya kiti chake ilikuwa imezimika, na katika kazi yetu taa ile haizimiki mtu akiwa chini.

Niliweka chungwa mezani. Nikamshika mkono na kumminya kidole gumba mara mbili, kama tunavyotakiwa kufanya. Kidole hakikujibu.

Anayevaa mashine huwa hayupo kitini. Mwili wake unabaki huku juu, kituoni, kwenye baridi na ukungu wa Lukwego. Mwenyewe yuko kilomita mbili chini ya mlima, ndani ya mashine yenye miguu minne na mikono miwili, anafunga na kufungua vali za mvuke mahali ambapo nyama ingeiva kabla hujamaliza kuitia chumvi. Zamu ikiisha anavua. Kuvua ni kurudi kidogo kidogo kwa njia ya waya, dakika nne, mpaka amefika mzima. Waya ukikatika kabla hajavua, mtu harudi. Wala hafi. Anabaki kule ndani ya mashine, mzima wa akili, mpaka betri iishe.

Betri inadumu saa kumi. Subilaga alivaa saa moja asubuhi. Hesabu ilikuwa nyepesi, lakini niliifanya kwa vidole, mara mbili, nikitumaini nimekosea. Saa kumi na moja jioni.

Ukutani kulikuwa na simu ya waya wa shaba, iliyobaki tangu siku za kuchimba. Waya ule unapitisha sauti, haupitishi mtu. Niliinua mkono wa simu.

"Fundi Mhando," sauti yake ilisema kabla sijafungua mdomo, "umenifungia nje?"

"Uko salama, dada Subi?"

"Niko mbele ya vali ya kumi na saba. Nimenyoosha mkono kuifunga, nikasikia kama mlango umebamizwa mgongoni kwangu. Nikitaka kurudi, hakuna pa kurudia. Ukuta mtupu."

"Usitembee sana. Tunza betri."

"Niende wapi? Sokoni Tukuyu?" Alicheka kidogo. "Fundi. Nilivaa saa moja."

"Najua."

"Basi kama unajua, sitakukumbusha tena."

*

Mimi sikusoma chuo. Nilijifunza kwa kutengeneza simu za watu Handeni, na utaratibu wangu tangu siku hizo ni uleule: anzia kilicho karibu na mkono wako, nenda mbali hatua kwa hatua, usiruke.

Nilianza na kofia. Nzima. Kebo kutoka kofia hadi ruta ya juu, chombo kinachogawa njia, nzima. Ruta ya juu ilikuwa macho na anwani zake zilikuwa mahali pake. Kutoka hapo nilituma hodi. Hodi ni neno letu la kazini: ni ujumbe mdogo unaokwenda mpaka mwisho wa njia kugonga, na aliye upande wa pili akiwa mzima hujibu karibu.

Hodi ilishuka mita mia tisa, ikafika kwenye ukuta wa ulinzi wa laini, ikapotea.

Nilituma nyingine, nikaitazama kwa makini. Haikukataliwa. Ingekataliwa ningepata jibu la kukataliwa. Ilimezwa kimya, kama vile nyumba ina watu na hakuna anayetaka kufungua. Chombo kibovu hakiwezi kufanya hivyo. Kibovu hakijibu, au kinajibu upuuzi. Kumeza kimya ni kazi ya ukuta mzima unaotii amri.

Ukuta huu ulikuwa mpya. Tuliupokea baada ya watu wasiojulikana kuingilia laini za kituo kimoja cha kusini na kuvaa mashine ambazo si zao. Ulishushwa kwenye chumba cha katikati ya shimo, na kazi yake ni kuamua nani apite na saa ngapi. Niliupanga mwenyewe jana mchana. Leo ilikuwa siku yake ya kwanza ya kazi, na upande wa mvuke alikuwako mtu mmoja tu.

"Fundi, hilo sweta hulivui mwaka mzima, na leo unatoka jasho." Alikuwa Mama Sekela, msimamizi wa zamu, amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Kuna nini?"

Nilimwonyesha taa. Aliweka kikombe juu ya chungwa langu bila kuliona.

"Zima huo ukuta, uwashe."

"Ukuta na ruta ya chini vinakula umeme wa waya mmoja, mama. Nikizima kimoja nimezima vyote. Na ruta ikizimwa inasahau nani alikuwa ndani. Ikiwaka tena, itaiona mashine ya Subilaga ni mashine tupu."

"Ipandishe mashine."

"Itachukua saa kumi na nne. Ikipanda haraka inapasuka kwa kupoa."

"Kuichaji hukohuko?"

"Haichajiki ikiwa na mtu."

Aliwapigia waliotuuzia ukuta. Niliisikia sauti ya kike, yenye adabu nyingi, ikimshukuru kwa kupiga na kumwahidi kwamba atajibiwa ndani ya siku mbili za kazi. Mama Sekela aliitazama simu yake kama mtu aliyepewa mkono wa kushoto.

Nilichukua daftari langu. Naandika kila ninachofanya, kwa sababu kichwa changu sikiamini. Ukurasa wa jana ulikuwa na mwandiko mzuri, wa mtu asiye na haraka. *Ukuta, upande wa mvuke. Fungua saa: 01:00. Funga saa: 12:00.*

Nilisoma mstari ule mara ya kwanza nikaona uko sawa. Niliusoma mara ya pili, nikaona nilichofanya.

Kuta za zamani zilikuwa zinauliza kwa lugha ya waliozitengeneza, nami nilizijibu kwa saa zao, za kuanzia usiku wa manane. Huu mpya ulikuja umeshatafsiriwa. Kwenye skrini uliandika kwa ufasaha kabisa: *Mlango ufunguliwe saa ngapi? Ufungwe saa ngapi?* Ukaacha nafasi za kujaza. Zamu zetu zinaanza saa moja asubuhi na hakuna anayebaki chini baada ya saa kumi na mbili jioni. Nikajaza moja, nikajaza kumi na mbili. Kwa kuwa uliniuliza kwa Kiswahili, niliujibu kwa Kiswahili.

Lakini ndani yake haukuwa Mswahili. Moja kwake ni saa saba ya usiku. Kumi na mbili ni saa sita mchana. Ulifunga mlango kwa dakika uliyoambiwa, ukaziba na mlango wangu mimi wa kuingilia kuurekebisha, na utafungua tena saa saba usiku, saa nane nzima baada ya betri kwisha.

Nilimpa Mama Sekela daftari. Alisoma, akahesabu kwa midomo, akanirudishia.

"Ningekuwa mimi, ningejaza hivyohivyo," alisema. Kisha akaongeza, bila ukali, "Lakini sikuwa mimi."

*

Kulikuwa na njia moja iliyobaki, na ilikuwa haimo kwenye ramani.

Nyuma ya pazia, kwenye kiti namba tisa, taa ya kijani ilikuwa inawaka. Hapo alilala mzee Ambilikile, mvaaji wa siku nyingi kuliko wote kituoni, ambaye kwa saa ile alikuwa chini upande wa pampu. Mzee Ambilikile ni baba wa mume wa Subilaga.

Katika familia yao bado wanashika mila ya zamani ya Kinyakyusa. Mke wa mtoto hamtazami baba mkwe, hali naye, hapiti njia moja naye. Wakikutana barabarani, yeye anaingia kwenye migomba na kujifunika mpaka mzee apite. Na jina lake halitamki kabisa. Ambilikile, kwa lugha yao, maana yake ni "ameniita". Basi hata neno la kuita Subilaga hulikwepa. Mtu akimwita, yeye husema, "Fulani amepaza sauti." Mimi, mtu wa Handeni, mwanzoni niliona ni mzigo. Baadaye niliona jinsi mzee anavyokohoa kwa nguvu kabla ya kuingia chumba cha viti, ili aliyemo ajifunike, na jinsi Subilaga anavyoacha sehemu ya kivuli kwenye benchi la nje kila mchana, ili anayekuja baadaye akae. Miaka kumi na mmoja hawajawahi kusemezana, na sijaona watu wanaoangaliana maslahi namna ile.

Miaka miwili iliyopita Subilaga alinijia nikiwa peke yangu. "Fundi, sisi tukivaa, tunashuka kwa waya mmoja. Napishana naye humo. Simwoni, lakini nafsi yangu inajua." Akaniomba nimtenge. Nilivuta laini nyingine kwa ajili ya mzee, ya kando, inayozunguka chumba cha ukuta na kuingia moja kwa moja kwenye ruta ya chini. Sikuiandika popote. Mimi na yeye tuliiita njia ya mkwe.

"Kwa hiyo tuna tundu kwenye ulinzi kwa miaka miwili," Mama Sekela alisema nilipomaliza, "na leo tunamshukuru Mungu kwa hilo tundu."

"Ndiyo, mama."

"Endelea."

Kila laini imeshonwa kwenye kichwa cha mtu mmoja. Siwezi kuichomoa kwenye kiti namba tisa na kuichomeka namba nne. Ili Subilaga atoke, mashine yake ingeunganishwa na ya mzee kwa kebo, kwenye mlango wa chuma unaotenga mvuke na pampu. Angepanda kwa njia ya mkwe. Angefika kichwani mwa mzee, na kutoka kichwani mwa mzee ningemvusha kwa kebo fupi hadi kitini kwake. Dakika nne ndani ya kichwa cha baba mkwe wake, na baba mkwe mwenyewe akiwemo.

Nilivaa kisikizi cha laini ya tisa na kumweleza mzee yote, pamoja na kosa langu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," alisema, "hilo haliwezekani. Si kwamba sitaki. Ni kama kuniambia nioge mbele yake."

"Naelewa, mzee."

Nilisikia pampu zikiguna nyuma yake.

"Na nikitoka?" aliuliza. "Nyumba ikiwa tupu, mkwe anaweza kupita uani. Mimi nikihamia mzima kwenye mashine, nikaacha kichwa na waya?"

Nilikuwa nimeliwaza hilo, na nilitamani asilifikie. Ruta ya chini huuliza kila baada ya sekunde arobaini: *Upo?* Anayevaa hujibu kwa jina lake bila kujijua, kama mtu anavyopumua. Ikiuliza isipate jibu, hutoa onyo. Ikiuliza mara ya pili isipate jibu, hulifuta jina, na mwenye jina akiwa kwenye mashine hana tena pa kurudia. Mzee akishajitoa kwenye waya, swali lisingemfikia yeye. Lingemfikia aliye kwenye waya.

"Yeye," mzee alisema.

"Yeye. Kwa dakika nne. Na jibu ni jina lako."

Alicheka, kicheko cha kukohoa. "Basi umetufikisha kwenyewe."

Mama Sekela alinivuta sweta, tukaenda dirishani. Alisema kwa sauti ya chini, "Usimwambie habari ya jina."

"Mama?"

"Mwambie njia imepatikana, apite. Akiwa katikati ataulizwa, atajibu. Nani atamwacha mzee afe kwa ajili ya jina? Ukimwambia sasa atakataa, na tutakaa hapa tunatazama saa. Mimi nina mwili wake pale, Fundi. Una joto."

Sikumwona kuwa mkatili, na sasa hivi pia simwoni hivyo. Huenda alikuwa amesema kweli. Nilikwenda nikasimama karibu na kiti namba nne. Usoni kwa Subilaga kulikuwa na alama ya mshono wa mto. Nilifikiri: mtu huyu yuko gizani kwa sababu niliandika kitu bila kukifikiria hadi mwisho wake. Sasa naambiwa nimtie kwenye waya mwembamba, nimfungie swali mbele na nyuma, halafu niite jibu lake hiari. Huo pia ni ukuta, na mjenzi ni yuleyule.

Nikainua simu ya shaba.

*

Nilimweleza Subilaga kwa mpangilio: saa, kosa, njia, kichwa, jina. Sikupamba.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Nilikuwa nimekaa huku nawatukana Wazungu wa watu, waliotengeneza ukuta."

"Ni mimi, dada Subi."

"Nilikuomba njia ya kunitenga naye. Ukanipa, nikakushukuru, nikakuletea na parachichi. Leo unaniambia nipite humohumo, tena nikitamka..." Aliacha. "Ningekuwa juu ningekuzaba kofi."

"Njoo unizabe."

"Usinichekeshe. Sitaki." Sauti yake ilishuka. "Fundi, wewe unaona ni neno tu. Siku niliyoolewa nilikabidhiwa vitu viwili: jiko na hilo. Jiko limeshavunjika. Siwezi. Kama ni saa kumi na moja, basi ni saa kumi na moja. Mwambie mume wangu nimeacha ufunguo wa kabati kwenye sukari."

Sikumsukuma. Sikujua ningemsukuma kwa haki ipi. Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika hamsini. Kwenye kisikizi cha laini ya tisa mzee alikuwa akiniuliza, "Amesemaje?" Na kwenye simu ya shaba yeye aliuliza, "Anasemaje huyo?" Nilikuwa katikati yao kama mtoto aliyetumwa nyumba mbili. Ndipo mzee aliposema:

"Una simu ya kule na kisikizi cha huku? Viweke uso kwa uso mezani. Sisemi naye. Nasema na ukuta."

Kwao ni hivyo. Jambo likiwa zito na msemaji hawezi kuelekeza maneno kwa mkwe, huuambia ukuta wa nyumba, na mkwe akiwa upande wa pili husikia. Nilisogeza kikombe cha Mama Sekela, nikavilaza viwili pamoja, mdomo kwa sikio.

"Ukuta," mzee alisema, "habari za mchana."

Jibu likatoka kwenye shaba, kwa sauti ndogo: "Ukuta, mwambie aliyesalimu, nzuri. Shikamoo yake."

"Ukuta, marahaba. Nasikia kuna mtu anataka kunisusia mjukuu wangu Tusa, amwache na baba yake asiyejua hata kusonga ugali."

"Ukuta, mwambie huyo asinichekeshe na yeye. Wote leo wamekuwa wachekeshaji."

Mama Sekela alijiziba mdomo kwa kiganja.

"Ukuta," mzee akaendelea, taratibu zaidi, "mimi nilipokuwa mdogo nilipotea kwenye ukungu, nimekwenda kutafuta ndama. Sikuuona mkono wangu. Mama yangu alisimama mlangoni akaniita mpaka sauti ikamkauka, nami nikaifuata sauti. Hakuita 'baba fulani'. Hakuita 'mwenye nyumba'. Ukungu haujui heshima hizo. Aliita jina. Sasa mimi nakwenda tena kwenye ukungu, kwa miguu yangu, nyumba naiacha wazi. Sijui ni nani atasimama mlangoni. Ni hayo tu, ukuta."

Pampu ziliguna. Nilihesabu pumzi za mwili wa Subilaga kitini: kumi na nne.

"Fundi," alisema, nami nikarudisha simu sikioni. "Pazia la namba tisa limefungwa?"

"Limefungwa."

"Mama Sekela alibane kwa vibanio. Kote, mpaka chini."

*

Saa tisa na robo mashine ya Subilaga ilikuwa imefika kwenye mlango wa chuma na kuchomeka kebo. Mzee alichelewa dakika mbili bila kueleza anafanya nini. Kisha alisema, "Haya, natoka," na kwenye skrini nikaona laini ya tisa ikiwa tupu. Sikuwahi kuona hivyo kwa mtu aliye hai.

Subilaga aliingia.

Anayepanda huonekana kwangu kama mstari unaojaa, na swali la ruta huandikwa chini yake. Sauti ya Subilaga ilikuja kwenye spika ndogo ya meza.

*UPO?*

Alikuwa kimya. Sekunde zilishuka kutoka arobaini. Mstari ulikuwa umejaa sehemu ya kumi tu.

*ONYO. UPO?*

"Baba," alisema.

*HAKUNA MTU WA JINA HILO.*

"Baba mkwe. Babu yake Tusa. Mzee." Alikuwa akisema haraka, kama anayejaribu funguo zote za mshipi. "Mwenye nyumba. Mwenye hiki kichwa!"

*HAKUNA MTU WA JINA HILO.*

Kumi na moja. Kumi. Nilijikuta nimeshika meza. Ningeweza kulitamka mimi, jina lilikuwa ulimini, na lisingefika popote. Mama Sekela aliligeukia dirisha na kuziba masikio kwa vidole, na nilielewa kwamba hakuwa anaogopa. Alikuwa anampa nafasi.

Nne. Tatu.

"Ambilikile."

*ENDELEA.*

Alilisema kwa sauti ya mtu anayepiga hatua kwenye maji asiyojua kina chake. Mara iliyofuata alilisema na kulia. Mara ya tatu alilisema tu. Mstari ulijaa nusu, ukajaa robo tatu, na kila ilipouliza alijibu kabla sekunde hazijaanza kushuka vizuri, mara ya nne, mara ya tano, mpaka kidole gumba cha mwili uliolala kitini kilipotikisika.

Kabla hajafumbua macho, mkono wake ulitambaa na kuvuta khanga mpaka juu ya uso.

"Umefika?" Mama Sekela alipiga magoti kando yake. "Mwanangu, umefika mzima? Kukoje huko?"

"Kumefagiliwa," alisema chini ya khanga.

Nilikuwa tayari kwenye laini ya tisa. Ilikuwa tupu tena, na sasa ilikuwa zamu ya mzee kurudi. Nilituma hodi. Hakuna karibu. Nilituma ya pili, nikalitaja na jina la mzee kwenye kinasa sauti cha meza, na safari hii ruta ilinijibu kwa maandishi ambayo sikuwahi kuyaona katika miaka yangu yote: *SAUTI SIYO.*

Hakuna kitabu kilichoandika hilo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulifanya. Ruta ilikuwa imelishika jina pamoja na sauti iliyolijibu. Ilikuwa imemweka mzee mikononi mwa mtu mmoja, na haikumtambua mwingine.

*ONYO. UPO?*

"Dada Subi," nilisema. "Bado."

Hakuuliza. Nadhani alijua kabla yangu. Lakini ndani ya waya alikuwa peke yake. Hapa palikuwa na hewa, na masikio ya watu, na hatua sita kutoka kwake, nyuma ya pazia lililobanwa, mwili wa mzee ulikuwa umelala. Aliketi. Alijigeuza akaelekea ukuta, khanga imemfunika kichwa chote. Akasema jina kwa sauti ambayo mimi niliyesimama karibu sikuisikia vizuri.

*SIJASIKIA.*

Sekunde ishirini. Nikamsogezea kinasa sauti mpaka karibu na khanga, nikarudi nyuma.

Akavuta pumzi. Na akaita. Hakuita kama mtu anayejibu mashine. Aliita kama wanavyoita kwao kutoka kilima kimoja hadi cha pili, silabi ya mwisho imevutwa mpaka iishe yenyewe, na vioo vya dirisha vikatetemeka, na nje mtu aliyekuwa akifyeka majani akasimamisha panga.

*KARIBU,* skrini iliandika. Mstari wa laini ya tisa ukaanza kujaa.

Zilikuwa dakika nne. Nilizitumia kuandika kwenye daftari, kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono. *Fungua saa moja asubuhi: kwa ukuta andika 07:00. Funga saa kumi na mbili jioni: andika 18:00. Njia ya mkwe ichorwe kwenye ramani. Aliyekosea: Mhando.* Subilaga alibaki ameelekea ukuta. Mama Sekela alikuwa amemshika bega.

Kisha nyuma ya pazia mtu alikohoa, kwa nguvu, kama anavyokohoa siku zote kabla ya kuingia mahali, na Subilaga akaishika khanga vizuri zaidi chini ya kidevu.

"Ukuta," sauti ya mzee ilisema, kavu, ya mtu aliyetoka mbali. "Kuna mtu ameniita."